Mama mkwe anasema sindano ndiyo iliyokula mguu wa mwanawe, sasa hataki wanangu wapewe chanjo ya polio

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Sumbawanga nyumbani kwa mama mkwe. Mume wangu ni dereva wa lori, anapitia Tunduma kwenda Zambia na Kongo, na nyumbani anaonekana mara moja kwa mwezi akijitahidi sana. Kwa hiyo mwenye kauli hapa ni mama. Kwa mengine yote sina ugomvi naye. Nilipojifungua alinikanda, akanipikia uji, akafua hata nepi, mpaka mimi mwenyewe nikaona haya.

Tatizo ni chanjo. Shemeji yangu, kaka yake mume wangu, ana ulemavu wa mguu wa kulia. Ni fundi viatu hapa mjini na ana familia yake. Mama anasimulia kwamba alizaliwa mzima, akatembea, akakimbizana na kuku. Alipokaribia miaka miwili akashikwa na homa. Wakambeba hadi zahanati, akachomwa sindano ya malaria kwenye tako. Asubuhi yake mama anamsimamisha, mguu hauitikii. Mpaka leo mama akifika hapo hulia, na humalizia kwa maneno yale yale: "Sindano ndiyo iliyomla mguu mwanangu."

Shemeji mwenyewe hana makuu. Mguu wake ni mwembamba kuanzia pajani, mfupi kidogo kuliko mwenzake, na akitembea bila fimbo anaweka kiganja juu ya paja na kulisukuma kwa nyuma kila akikanyaga. Huwa anatutania kwamba mbu hawana huruma, wanamuuma hata kwenye mguu mbovu na anawasikia sawasawa. Siku hizi analalamika kwamba hata ule mzima unachoka.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa 2019 tukiwa Mbeya, akamaliza chanjo zote, kadi ninayo. Mwaka 2023 walipopita watu wa matone nyumba kwa nyumba hapa Sumbawanga, mama aliwaambia hakuna mtoto, kumbe yuko jikoni. Wakaandika alama zao ukutani kwa chaki, wakaenda zao. Kusema kweli hata mimi nilijiuliza: mtoto amemaliza kadi, matone mengine ya nini tena?

Sasa nina wa pili, wa kiume, ana miezi minne. Alipewa matone na sindano ya begani alipozaliwa, basi. Wiki ya sita nilishamfunga mgongoni, mama akakaa mlangoni, nikarudi ndani. Jirani naye anachochea moto. Anasema matone yanaua uzazi wa watoto wa kiume, na kwamba hiyo polio iliyotangazwa Rukwa ilitokana na chanjo yenyewe, amesoma kwenye simu. Mume nikimpigia ananijibu, "Elewaneni."

Shangazi, ni kweli sindano inaweza kupoozesha mtoto? Ni kweli chanjo inaleta polio? Na je, nimpeleke mtoto kwa siri?

Mama wa Wawili,
Sumbawanga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Mtoto wa miezi minne hawezi kungoja mimi nimalize hadithi, kwa hiyo hili lije kwanza: mpeleke kliniki wiki hii. Matone aliyopewa siku ya kuzaliwa ni ya ufunguzi tu. Alipaswa kupewa mengine akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, na hapo kwenye wiki ya 14 kuna pia sindano moja ya polio. Usiogope kwamba nesi atakugombeza au atasema muanze upya. Hawaanzi upya, wanaendelea pale kadi ilipoishia, kisha anarudi kila baada ya wiki nne hadi akamilishe. Na kwa kuwa ameshapita wiki 14, sindano ile anaweza kuipata siku hiyo hiyo. Hapo sijagusa kifaduro, pepopunda, nimonia na kuhara, ambazo kinga zake zote amezikosa kwa kukaa nyumbani.

Sasa tuje kwa mama.

Habari ya shemeji yako nimeirudia kuisoma. Mama mkwe wako hajadanganya, wala yeye si mshamba wa kuelimishwa. Alichokiona kilitokea, na kilitokea kwa mpangilio ule ule anaousimulia: homa, sindano, mguu. Nilipokuwa nikifanya kazi kwenye kliniki ya mama na mtoto nimeisikia simulizi hiyo kwa kina mama wa kila kabila, na mpangilio haubadiliki. Kinachohitaji kusahihishwa ni kitu kimoja, ile homa. Yeye anaamini ilikuwa malaria. Mimi naamini ilikuwa polio tayari.

Kirusi cha polio huingia kwa mdomo. Hutoka kwenye kinyesi cha mtu mmoja, kikapitia mikono, maji au chakula, kikamezwa na mwingine. Kikishafika tumboni huzaliana kwenye utumbo na kutoka tena chooni kwa wiki kadhaa. Wengi wanaoambukizwa hawajui kama waliwahi kuambukizwa. Baadhi hupata homa, kichwa, kutapika, shingo kukakamaa na maumivu ya miguu au mikono, kisha wanapona wakidhani ilikuwa homa ya kawaida. Lakini takribani mmoja katika kila 200 kirusi humpanda hadi kwenye uti wa mgongo na kuziua zile seli za neva zinazoamrisha misuli. Hapo kupooza huja kwa kasi, saa chache au siku chache. Mzazi analaza mtoto mwenye homa, anaamka na mtoto asiyeweza kusimama. Katika hao wanaopooza, 5 hadi 10 kati ya 100 hufariki kwa sababu misuli ya kupumulia nayo inasimama.

Sasa jiulize, enzi hizo mtoto mwenye homa alifanywa nini? Alipelekwa zahanati, akachomwa sindano. Homa ya polio ikishika jioni, sindano ilikuwa lazima. Mguu ukilegea kesho yake, nani angeacha kuilaumu sindano? Hata mimi ningeilaumu.

Na mama ana ukweli mwingine ambao huenda hakuna nesi aliyewahi kumkubalia, ndiyo maana amebaki na uchungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 madaktari wa Uingereza na Australia waligundua kwamba mtoto ambaye tayari ana kirusi cha polio mwilini, akichomwa sindano kwenye msuli, mara nyingi zaidi hupooza kiungo kile kile kilichochomwa. Jeraha dogo la sindano humrahisishia kirusi njia ya kuingia kwenye neva. Kwa hiyo inawezekana kabisa sindano ile ilichangia mguu wa kulia uathirike badala ya kupita salama. Lakini sindano haikuleta kirusi. Kilikuwemo tayari, na kama shemeji angekuwa na kinga, sindano ile ingemwachia maumivu ya siku mbili tu.

Kuna pia ajali ya namna nyingine. Sindano ikichomwa vibaya kwenye tako, hasa ya kwinini, inaweza kuujeruhi mshipa mkubwa wa fahamu unaopita hapo, na mtoto akaburuza unyayo maisha yake yote. Hili limewapata watoto wengi Afrika, nalo si uzushi. Ndiyo maana siku hizi chanjo za mtoto mchanga huchomwa pajani, upande wa mbele kwa nje, ambako mshipa huo haupo.

Je, shemeji yako ni yupi kati ya hao? Sijamwona, na anayeweza kuapa ni daktari aliyempima. Ila umenipa dalili mbili nzuri bila kujua. Ya kwanza ni mbu. Mshipa uliojeruhiwa na sindano kwa kawaida huacha sehemu ya mguu ikiwa na ganzi. Polio huua neva za kuamrisha misuli na kuziacha zile za kuhisi, kwa hiyo mguu unakonda huku ukisikia baridi, mwiba na mbu kama kawaida. Ya pili ni kile kiganja juu ya paja. Mtu anasukuma paja namna ile kwa sababu msuli wa mbele, unaofunga goti lisikunjike, hauna nguvu. Msuli huo unapata amri kupitia mshipa mwingine kabisa, unaopita mbele, kwenye kinena. Sindano ya kwenye tako haiufikii. Ukiwatazama walioathirika na polio ya utotoni utaona wengi wanatembea hivyo hivyo, kiganja pajani.

Hiki ndicho ningependa mama asikie, na asikie kwa upole: mwanao aliugua polio, na hukukosea kumpeleka zahanati. Nadhani chini ya hasira yake kuna swali ambalo halisemi, kama ni yeye aliyempeleka mwanawe kwenye madhara. Ukimwendea na kipeperushi cha wizara utakuwa unamjibu swali ambalo hakuuliza.

Kuhusu swali lako mwenyewe la matone yasiyoisha. Ni swali la haki, na wahudumu wetu hulijibu kivivu: "ni agizo." Jibu lenyewe lina sehemu mbili.

Kwanza, matone hayashiki kwa kila mtoto mara ya kwanza. Kwenye maeneo yetu watoto hubeba vijidudu vingine vingi tumboni na huharisha mara kwa mara, na kirusi cha chanjo kilichodhoofishwa kinabanwa nafasi ya kujenga kinga. Ndiyo maana dozi zinarudiwa. Dozi ya ziada haimdhuru mtoto aliyekwisha kupata kinga. Aliyeharisha siku ya chanjo apewe tu, ila mwambie nesi, atakupangia dozi ya kurudia.

Sehemu ya pili inamhusu moja kwa moja mwanao wa 2019. Virusi vya polio viko vya aina tatu. Aina ya pili ya kirusi cha asili, yaani kile kisichotokana na chanjo, ilitangazwa kutoweka duniani mwaka 2015, kwa hiyo Aprili 2016 nchi zote zinazotumia matone zilibadilisha, wakaanza kutoa matone yenye aina ya kwanza na ya tatu tu. Kinga ya aina ya pili ikaachiwa sindano. Sindano inafanya kazi nzuri ya kuzuia mtoto asipooze, lakini haijengi kinga ya kutosha kwenye utumbo. Mtoto mwenye sindano tu anaweza kukimeza kirusi cha aina ya pili, asiugue, na bado akamwambukiza mdogo wake. Kirusi cha aina ya pili ndicho kilichompooza mtoto hapo mkoani kwenu mwaka 2023. Septemba ya mwaka huo serikali ikaendesha kampeni ya matone maalumu ya aina ya pili Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Songwe na Mbeya, kwa watoto wa chini ya miaka 8. Unaona hiyo 8 ilivyotoka? Hesabu nyuma kutoka 2023 utakuta ni wale waliozaliwa baada ya mabadiliko ya 2016, pamoja na wachache waliokuwa wachanga wakati huo. Kwa hiyo kadi yako ilikuwa imejaa, ni kweli, lakini matone yale hayakuwemo kwenye kadi. Wakipita tena na umri wake ungalimo, mtoe jikoni.

Jirani yako wa kwenye simu amesoma nusu ya ukweli, na nusu hiyo tusiikatae, maana ukimkatalia mtu jambo ambalo atalikuta limeandikwa hata na Shirika la Afya Duniani, hatakuamini tena kwa lolote. Kirusi kile cha Rukwa kilikuwa na asili ya chanjo. Inakuwaje? Matone yana kirusi hai kilichodhoofishwa. Mtoto aliyechanjwa hukitoa chooni kwa wiki kadhaa, na kama majirani nao wamechanjwa kinafia hapo. Lakini mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, kinapita kwa mmoja, kwa wa pili, kwa wa kumi, kwa muda mrefu, kwa kawaida mwaka au zaidi, na njiani kinabadilika hadi kinarudisha nguvu ya kupoozesha. Wakati ule kirusi cha namna hiyo kilikuwa kikizunguka Kongo na Burundi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Basi mwulize jirani: kinachokilisha kirusi hicho ni nini, watoto waliochanjwa au wale wanaofichwa jikoni? Matone mapya ya aina ya pili, yaliyoanza kutumika 2021, yametengenezwa mahsusi ili kirusi chake kisigeuke kirahisi.

Iko pia hatari ndogo sana ya dozi ya matone kumpooza mtoto aliyepewa au mtu wa karibu naye. Ni takribani tukio moja katika dozi milioni 2.7. Nakutajia kwa sababu una haki ya kujua. Mtoto mwenye tatizo kubwa la kinga ya mwili ndiye anayehitaji kuonwa na daktari kwanza. Mafua, homa ndogo na kuota meno si sababu ya kumrudisha mtoto nyumbani.

Habari ya uzazi wala hainisumbui. Nchi hii imekuwa na mpango wa chanjo wa taifa tangu 1975. Kina baba na kina mama unaowaona leo na watoto mgongoni ndio waliokunywa matone hayo hayo, na sensa ya 2022 ikatuhesabu milioni 61.7, kutoka milioni 44.9 mwaka 2012. Kama kuna dawa ya kuua uzazi humo ndani, basi imeshindwa kazi. Lakini uvumi huo ulikwisha kuumiza watu. Mwaka 2003 jimbo la Kano, kaskazini mwa Nigeria, lilisimamisha matone kwa maneno hayo hayo. Walipokuja kukubali mwaka uliofuata, baada ya vipimo na baada ya kuagiza chanjo kutoka Indonesia, kirusi kilikuwa kimeshasambaa. Kilifika Sudan, kikavuka bahari hadi Yemen, na mwaka 2005 kikawapooza watoto Indonesia kwenyewe.

Usidhani pia kwamba ugonjwa wenyewe umebaki kwenye vitabu. Tanzania ilimwona mgonjwa wa mwisho wa kirusi cha asili mwaka 1996. Agosti 2020 Afrika yote ikathibitishwa kuwa huru na kirusi hicho. Februari 2022 Malawi wakatangaza mtoto mmoja Lilongwe amepooza, na kirusi chake kilipochunguzwa kikaonekana kina ukoo na cha Pakistan. Baadaye kikaingia Msumbiji, mkoa wa Tete. Kirusi cha namna hiyo kinaweza kusafiri mbali ndani ya matumbo ya watu wasio na dalili yoyote. Mumeo anayekwenda Kongo kila mwezi anaweza kuwa mtu wa namna hiyo, bila kosa lake. Simtishi, ila akirudi anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto, na akiwa safarini aulize chanjo kwenye kituo cha afya cha mpakani.

Nimpeleke kwa siri? Hapana. Mpeleke, lakini si kwa siri. Nyumba ya Sumbawanga haina siri ya kliniki: mtoto atarudi na paja limevimba kidogo na kahoma ka usiku mmoja, mama atauliza, utadanganya, na homa hiyo ndogo itakuwa ushahidi wake mpya kwamba sindano ni hatari. Mpigie mumeo leo. Usimwombe maoni tena, ameshayatoa. Mwambie hivi: "Mtoto anakwenda kliniki siku fulani. Naomba umpigie mama jana yake umwambie wewe mwenyewe, kwamba umeamua wewe baba yake." Elewaneni ni neno jepesi kwa mtu aliye Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo. Yeye ndiye mtoto wa yule mama. Abebe sehemu yake.

Kisha mtafute shemeji. Huyu ndiye mtu unayemhitaji kuliko mimi, na nashangaa katika barua yote hujasema yeye anaonaje. Umemwuliza? Wengi walioishi na polio ndio wa kwanza kupeleka watoto wao kwenye matone. Uliza kama wanawe walichanjwa. Kama ndiyo, na kama yuko tayari, akae na mama yake jioni moja amwambie kwa mdomo wake kuhusu mbu na kuhusu paja, na kwamba hamlaumu. Wewe usiwepo. Hayo ni mazungumzo ya mama na mwanawe.

Mama naye mwombe aje kliniki pamoja nanyi. Akubali au akatae, mwombe. Akija, mwombe nesi amwonyeshe kichupa cha matone. Kwenye lebo au kwenye kifuniko kuna duara la rangi na ndani yake kimraba kilichopauka. Chanjo ikipata joto kimraba hicho kinakolea. Kikifika rangi ya duara au kuizidi, kichupa hicho kinatupwa, hakuna mjadala. Mtu mzima aliyekwisha kuumizwa na huduma ya afya anastahili kitu cha kukagua kwa macho yake, na hicho hakihitaji kujua kusoma. Matone yenyewe ni mawili tu, mdomoni, na mtoto ananyonya papo hapo. Sindano ni fupi, pajani. Mama akitaka kumshika mjukuu wake wakati wa kuchomwa, mpishe amshike.

Akikaa mlangoni tena je? Msalimie, mwambie unakwenda wapi na utarudi saa ngapi, upite. Heshima haikutaki umwachie mtoto bila kinga hadi kikao cha ukoo kiishe.

Mambo ya nyumbani ni machache na unayajua. Choo cha mtoto mchanga watu hukidharau, wanamwaga maji ya nepi uani, ilhali ndicho kinachobeba virusi vingi. Kiende chooni, na aliyefua anawe kwa sabuni. Maji ya kunywa yachemshwe. Ila usidanganyike kwamba usafi unatosha badala ya chanjo, maana usafi unapunguza tu kiasi kinachofika mdomoni.

Na siku yoyote ukiona mtoto yeyote wa chini ya miaka 15, wako au wa jirani, ameanza ghafla kulegea mguu au mkono bila kuanguka wala kugongwa, usingoje kuona kama atapona na usimpeleke akachomwe sindano za kubahatisha mtaani. Mwambie mhudumu wa afya wa jamii au nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Watachukua choo chake mara mbili, kwa kupishana saa 24, ndani ya siku 14 tangu alegee, kiende maabara kwenye barafu. Si kila kulegea ni polio, lakini choo ndicho kinachosema, na kikichelewa hakisemi. Dawa ya kukirudisha kilichokufa kwenye uti wa mgongo haipo. Kinachobaki ni mazoezi ya viungo, vyuma vya kushikilia mguu na upasuaji kwa baadhi yao.

Mwisho ni shemeji na ule mguu mzima unaochoka. Asiseme ni uzee. Walioathirika na polio utotoni wengine hurudiwa na udhaifu mpya miaka 15 hadi 40 baadaye, pamoja na maumivu ya viungo na uchovu usioeleweka. Polio haijarudi, wala hawezi kumwambukiza mtu. Ni neva zilizosalia zilizofanya kazi ya wenzao kwa miaka yote hiyo na sasa zinaishiwa. Aende hospitali ya mkoa amwone mtaalamu wa mazoezi ya viungo na aseme wazi kwamba anahisi aliugua polio, maana madaktari vijana wengi hawajawahi kumwona mgonjwa wa polio. Asijilazimishe mazoezi mazito kwa kudhani ataongeza nguvu, huwa yanaharibu zaidi. Fimbo aitumie kila siku, hata pale anapoona anaweza bila hiyo, na kazi ya viatu aifanye ameketi kwenye kiti chenye egemeo.